Mpapatiko, Si "Mapigo Yasiyo ya Kawaida"

Nikiwa nimetulia, moyo wangu hupiga mara 44 kwa dakika. Nina miaka 63, na zaidi ya nusu ya umri huo nimekuwa nikiendesha baiskeli safari ndefu. Kwa mtu wa rika langu asiyefanya mazoezi, mapigo 44 si ya kawaida. Kwangu ni dalili ya afya. Ndiyo maana nilipokabidhiwa kipeperushi chenye kichwa "Mapigo ya Moyo Yasiyo ya Kawaida", niliutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Ugonjwa nilionao ni mwingine, na kipeperushi kile hakikuutaja kwa jina.

Waliotunga ibara hiyo wameeleza badala ya kuita. Moyo unaokwenda polepole, unaokwenda mbio, unaoruka pigo, na ule ambao vyumba vyake vya juu vimeacha kusukuma damu vikabaki kutetemeka, wote wametiwa kapu moja. Istilahi isiyobagua si istilahi. Kundi la pili, lenye haraka zaidi, limeandika "fibrilesheni ya atria" na kujipongeza. Hao wamebadili tahajia tu. Mgonjwa wamemwacha gizani.

Neno ninalolitetea ni mpapatiko.

Tuanze na asili. Kwa Kilatini, fibra ni unyuzi na fibrilla ni kinyuzi kidogo. Jina la kitaalamu basi lilitokana na picha: nyuzi za msuli wa moyo zikitetemeka kila moja kivyake. Wajerumani hawakuazima picha hiyo. Walichukua kitenzi chao flimmern, kumemeta. Waarabu nao walichukua rajafan, mtetemeko, kutoka mzizi wao wenyewe. Kila lugha yenye kujiheshimu imefungua kabati lake. Letu lina kitenzi papatika.

Papatika hutokana na papa, kupiga upesiupesi, kama moyo wa mtu mwenye hofu. Silabi inarudiwa kwa sababu tendo linarudiwa. Kisha inaingia -ik-, ile tuisikiayo kwa sura ya -ek- katika tetemeka na weweseka, mambo yampatayo mtu bila kuyaamuru. Kuku aliyechinjwa hupapatika. Ndege aliyenasa ulimboni hupapatika: mabawa yanapiga kwa nguvu zote, lakini mwili hauendi popote. Hivyo ndivyo vyumba vile vya moyo vilivyo: vinacheza bila kusukuma. Damu hutuama humo, huganda, na bonge likipanda kwenye ubongo huleta kiharusi.

Sikulipata neno hili maktabani. Nilikuwa napanda barabara ya Mombo kwenda Lushoto pale kipimo changu cha mapigo kiliporuka ghafla kutoka 142 hadi 190, na miguu ikaniishia. Nilikaa juu ya jiwe, vidole kwenye kifundo cha mkono: mapigo mawili, kimya, matatu ya haraka, kimya kirefu, moja. Mama mmoja muuza mapeasi alinitazama mshipa wa shingo, akatua beseni lake. "Pole baba, kaa usiinuke. Moyo wako unapapatika." Wiki mbili baadaye, karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ilithibitisha alichokiona kwa macho.

Wapo wanaodai kwamba mpapatiko unafaa zaidi kwa ule ugonjwa jirani, ambamo vyumba vya juu hupiga kwa mpango, yapata mara 300 kwa dakika. Hawajausikiliza msamiati wao. Kwa huo wenye mpango tunalo papa, na nomino yake ni mpapo. Mpapatiko una fujo ndani yake, mpapo hauna. Lugha imekwisha kuwatenganisha ndugu hawa wawili, sisi tunawachanganya tena.

Pendekezo hili nililipeleka kwa jopo ambalo sitalitaja. Lilirudi likiwa na maneno matatu pembezoni: "la kishairi mno". Kinyuzi cha Kilatini nacho ni taswira. Kwa nini taswira ya Kirumi iwe sayansi na ya Mswahili iwe ushairi?

Matumizi ni mepesi: mpapatiko wa vipindi, mpapatiko wa kudumu, dawa ya kutuliza mpapatiko.

Jambo hili si la wanaisimu pekee. Mwaka 2017 Chris Case, daktari wa moyo John Mandrola na fundi wa baiskeli Lennard Zinn walitoa kitabu kizima kuhusu mioyo ya wanamichezo wa masafa marefu, kwa kuwa miaka mingi ya mazoezi mazito huongeza uwezekano wa maradhi haya. Wazee wenzangu wa baiskeli wanastahili kuonywa kwa neno wanaloelewa. Mapigo yakiwa ya polepole lakini yamepangika, endelea na safari. Moyo ukipapatika, shuka kwenye baiskeli, kaa chini, kisha umwone daktari. Na ukifika kwake, mwambie kwa jina lake: nina mpapatiko.