Batri Inakunywa Maji: Kutoka Planté Hadi Gari la Gofu

Ndugu wasomi, mu kozi zetu za agronomia tulifundishwa maji ya mimea na maji ya ng'ombe. Maji ya batri hakuna aliyetuambia, na kumbe ndiyo yanatukulia feza huku vijijini kwenye sola. Nawaletea historia yake, juu bila hiyo tutaendelea kununua batri za lori na kuzizika.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alikunja mabamba mawili ya risasi pamoja, akayatia ndani ya asidi ya salfa. Ikawa batri ya kwanza inayoweza kuchajiwa tena. Mwaka 1881 Camille Faure akapaka mabamba uji wa oksidi ya risasi, nguvu ikaongezeka sana. Kwa batri za namna hiyo magari ya umeme yalitembea Ulaya na Marekani. Kisha mwaka 1912 Cadillac ikatoa gari la petroli linalowashwa kwa umeme, kazi ya Charles Kettering. Watu wakaachana na kuzungusha mkono wa chuma, na magari ya umeme yakazidi kukosa wateja. Yaani batri ilisaidia kulizika gari la batri! Mimi hapo nacheka kila mara.

Lakini batri ya kuwasha injini ni kitu kingine. Iko na mabamba mengi membamba, inatoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, halafu injini inaijaza palepale. Ukiichosha hadi chini kila usiku, unaiua. Ile ya mabamba manene, inayotoa umeme polepole masaa mengi, ilibaki kwenye mashine za viwanda, mpaka gari la gofu likaipa soko jipya. Mu California, Merle Williams alianza kutengeneza magari hayo mwaka 1951. E-Z-GO ikazaliwa Augusta, Georgia, mwaka 1954. Batri sita za volti 6 zikaungwa zifike volti 36. Baadaye watu wa sola kule Marekani wakaona batri hizo zinafaa nyumba zao pia.

Sasa maji. Batri ikikaribia kujaa, umeme unaanza kuvunja maji kuwa hidrojeni na oksijeni, na gesi hizo zinatoka. Asidi inabaki. Kwa hiyo kinachopungua ni maji, na kinachorudishwa ni maji: ya batri, yasiyo na madini, si ya bomba wala ya kisima. Usiongeze asidi. Mabamba yakikauka hewani, sehemu hiyo haiponi tena vizuri.

Wakati wa kujaza ndio unaoangusha wengi. Ukijaza kabla ya kuchaji, umajimaji unapanda wakati wa kuchaji, unamwagika na asidi yake, unakula nyaya na chuma chini. Chaji kwanza, kisha jaza. Ila ukikuta mabamba yako wazi, yafunike kidogo tu ndipo uchaji. Na usichungulie na moto wa kiberiti, hidrojeni haina mchezo.

Kuna maji mengine, yale ya nje. Gari la gofu linaoshwa na mpira wa bustani, maji yanaingia kwenye swichi na kidhibiti cha mota. Juu ya batri, vumbi lenye unyevu na asidi linapitisha umeme kidogo kidogo toka ncha moja hadi nyingine, na batri inaisha imelala. Funga vifuniko vizuri, pangusa kwa kitambaa chenye maji na bikaboneti, kausha. Bikaboneti isiingie ndani.

Niliona kikundi kimoja cha wafuga kuku waliopewa na mradi fulani (jina naliacha) batri nzuri za mabamba manene, kwa mashine ya kutotoa vifaranga. Mama mwenye ufunguo aliniuliza: « Mwanangu, hii nayo inakunywa? » Hakuna mtu wa mradi aliyemwambia. Tulifungua vifuniko, mabamba yalikuwa meupe, makavu. Karatasi za mradi ziliandika bei ya batri, ya paneli, ya mashine, hata ya kitambaa cha uzinduzi. Maji hayakuwemo.