Ardhi Yenye Nguvu: Nyumba za Candomblé katika Jiji la Salvador

Makala haya yanauliza swali moja: sheria ilipokutana na nyumba za ibada za Candomblé katika jiji la Salvador, Brazili, iliona nini? Kwa muda mrefu iliona kosa. Kanuni ya Adhabu ya 1890 iliharamisha uganga na kile ilichokiita uchawi, na katika karne ya 20 polisi walivamia nyumba hizo na kuchukua ngoma na vyombo vya ibada. Hata uvamizi ulipopungua, viongozi walitakiwa kuomba kibali cha polisi kwa ajili ya sherehe zao. Sharti hilo lilifutwa jimboni Bahia mwaka 1976.

Waumini waliona jambo jingine. Kwa wenye mapokeo ya Kiyoruba, msingi wa nyumba ni axé, nguvu ya uhai ipitayo katika watu, majani, mawe, maji na chakula. Wa "taifa" la Angola, kama wanavyojiita, ambao lugha yao ya ibada imetokana na Kikongo na Kimbundu, huiita nguzo. (Msomaji wa Kiswahili asidanganyike: si mhimili wa nyumba, ni nguvu.) Nguvu hiyo hupandwa ardhini nyumba inapoanzishwa, hulishwa kwa ibada na hufifia ikitelekezwa. Kwa hiyo nyumba ya ibada haihamishwi kama duka.

Placide Tempels alipochapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, kutokana na maisha yake miongoni mwa Waluba wa Kongo, alizusha mjadala usiokwisha: je, dhana ya nguvu ya uhai ni falsafa, au ni imani tu iliyovikwa joho la kitaaluma? Mjadala huo umebaki zaidi vitabuni. Salvador uliingia katika suala la kiwanja.

Casa Branca ni miongoni mwa nyumba kongwe kabisa. Jiji lilipopanuka, barabara ya Vasco da Gama ilipita chini ya kilima chake, na kituo cha mafuta kikajengwa katika uwanja wa Oxum, mungu wa kike wa maji baridi. Ardhi yenyewe kisheria haikuwa ya waumini. Mwaka 1984 baraza la urithi wa taifa lilipojadili kuihifadhi, baadhi ya wajumbe walisita, kwa kuwa urithi waliouzoea ulikuwa makanisa na majumba ya enzi ya ukoloni. Hapa palikuwa na miti, chemchemi na majengo ya kawaida. Hata hivyo kura ilipita, na Casa Branca ikawa nyumba ya kwanza ya Candomblé kupewa hadhi hiyo. Kituo cha mafuta nacho kiliondolewa baadaye, uwanja ukarudi kwa Oxum.