Saa Chache Fort Jesus Kabla ya Kupanda Meli

Wengi mwajua kuwa mimi naandika safu hii nikiwa Kamenu, Thika, ambako riziki ilinileta miaka kumi na moja iliyopita na bado haijanirudisha. Hapa mtaani naitwa "mtu wa Mombasa". Nikishuka Mombasa, vijana wa kwetu wakisikia nachanganya maneno, waniita mtu wa bara. Mimi nimezoea. Lakini mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amezaliwa na kukulia papa hapa Kamenu, na yeye jambo hili humkera. Pwani aijua kwa harusi na matanga tu: anashuka usiku, anakula pilau, anarudi.

Mwaka huu kijana alipata kandarasi ya miezi tisa kwenye meli ya watalii, kazi ya kuosha vyombo jikoni. Alikuwa na kitabu chake cha baharia na vyeti vya mafunzo ya usalama, na meli angeipandia Kilindini. Dada akaniomba nimsindikize. Tukatoka Thika na matatu, tukapanda treni ya usiku pale Syokimau, na kabla ya alfajiri tukashuka Miritini. Tulipofika mjini na kuswali, wakala akapiga simu: si saa mbili asubuhi tena, mfike getini saa tisa mchana. Kijana akanuna. Nikamwambia twende tukale mahamri na mbaazi kwanza, kisha nimpeleke mahali.

"Mjomba, hiyo si jela ya zamani tu?" akaniuliza tulipofika mbele ya Fort Jesus.

Hakukosea. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na wako wazee Mombasa ambao mpaka leo wakiliona jengo lile hukumbuka jamaa zao waliofungwa mle. Makumbusho ilifunguliwa 1960, na mtunzaji wake wa kwanza alikuwa James Kirkman, yule yule aliyeanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948. UNESCO iliiweka ngome kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Hayo yote yako vitabuni. Lisilosemwa sana ni kwamba mawe yake ni matumbawe ya hapa hapa, na mwamba inaokalia ni wa matumbawe vile vile. Ramani ni ya ugenini, mwili wake ni wa Pwani.

Kwa mtu anayekwenda kupanda meli, usianze na mizinga. Kila mtu hukimbilia mizinga apigwe picha. Anza na chumba cha vyombo.

Humo mna vitu vilivyochimbwa Gedi, Manda, Ungwana na kwingineko: vyungu vya udongo vya kienyeji, vigae vya Uajemi vyenye rangi ya kijani na buluu, na sahani na bakuli za kaure kutoka China. Ukipita haraka utaona vipande vya vyombo vilivyovunjika na utashangaa watu wanalipia nini. Mimi mwenyewe nilipokuja mara ya kwanza, nikiwa na umri wa mpwa wangu, nilitumia dakika tano. Safari hii nilisimama kwa sababu kijana alisimama.

Akili yake ilikuwa kwenye kazi anayoiendea, kwa hivyo aliziona sahani kama mwosha vyombo. Aliinama akatazama ukingo wa bakuli moja, akasema hii imetumika, tazama ilivyochakaa. Nikamweleza ninavyofahamu. Bakuli hilo halikuja moja kwa moja na jahazi moja. Lilitoka China likauzwa bandari moja, likauzwa tena nyingine, likavuka kwa pepo za kaskazi kuja huku, na wenye majahazi wakangoja kusi wapate kurudi. Hapa Pwani kaure haikuwa ya kulia tu. Watu waliipachika kwenye kuta za nyumba na misikiti, na kwenye makaburi ya mnara, ili mpita njia ajue aliyelala hapo alikuwa mtu wa aina gani. Gedi yenyewe, ambayo nayo iliingia kwenye orodha ya UNESCO 2024, ni mji uliojengwa ndani kidogo, si ufuoni, na bado vyombo vya mbali vilifika. Watu wa mji ule walikuwa na mkono baharini.

"Kwa hivyo kuna mtu alikuwa anaziosha," akasema. Alikuwapo, bila shaka. Jina lake halikuandikwa popote.

Kutoka hapo nenda kwenye vitu vya Santo António de Tanná. Hii ilikuwa meli ya kivita ya Wareno, iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681. Mwezi wa Septemba 1697 ilifika Mombasa kutoka Goa kuiokoa ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani, na mwezi wa Oktoba ikazama pale pale chini ya kuta. Ilikaa chini ya maji karibu miaka mia tatu. Wapiga mbizi waliigundua miaka ya 1960, na kuanzia 1977 hadi 1980 wataalamu wakiongozwa na Robin Piercy, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliichimba chini ya bahari. Huo ulikuwa uchimbaji mkubwa wa kwanza wa aina hiyo katika eneo letu. Waliyoyatoa ndiyo unayoyaona: mitungi, vyombo vya mezani, vifaa vya meli, risasi za mizinga. Mbao za mwili wa meli zilipimwa na kuchorwa, kisha zikafukiwa tena kule kule chini. Ukisimama ukutani upande wa bahari ukatazama maji, unayatazama makazi yake.

Na hapa ndipo pana hadithi ambayo ilinichukua mwenyewe, kwa sababu bibi yetu mzaa mama alikuwa mtu wa Faza, kisiwa cha Pate.

Kuzingirwa kulianza Machi 1696 na kuliendelea miezi thelathini na mitatu. Ndani ya ngome njaa na maradhi viliua watu kuliko risasi. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 wanajeshi wa Kireno walikuwa wamekwisha wote. Aliyebaki kuishikilia ngome alikuwa Bwana Daud, sheikh wa Faza, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika na wanawake hamsini. Soma tena idadi hiyo: wanawake hamsini. Watu hao walizilinda kuta mpaka meli za Goa zikafika katikati ya Septemba, ile Santo António ikiwamo.

Mpwa wangu akauliza swali ambalo hata mimi lilinisumbua. "Mbona sheikh Muislamu alikuwa upande wa Wareno?"

Sikuwa na jibu la kumfurahisha, na sikutaka kumpa la kubuni. Nilimwambia ninachokijua. Faza na mji wa Pate walikuwa mahasimu wa siku nyingi, na Pate ilikuwa imeelekea Oman. Adui wa jirani yako hugeuka rafiki yako, hata kama ni rafiki wa shari. Shari ile Faza waliijua vizuri: mwaka 1587 Wareno hao hao waliuvamia mji wao, wakamuua sheikh wao, wakakata minazi yao. Miaka mia na kumi baadaye sheikh mwingine wa Faza ndiye aliyewalindia ngome. Tukiwa barazani twapenda kuisimulia historia ya Pwani kama mchezo wa timu mbili, wageni huku na sisi kule. Bwana Daud haingii kwenye timu yoyote kati ya hizo, na nadhani ndiyo maana hatumtaji. Mimi bibi yangu alinisimulia mengi ya Rasini, lakini hili hakuwahi kunisimulia.

Ngome ilianguka Desemba 1698. Walioikuta hai ndani walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Msaada mwingine kutoka Goa ulifika siku chache baadaye, wakaiona bendera si yao, wakageuza.

Baada ya Waomani walikuja Mazrui, akaja Seyyid Said 1837, wakaja Waingereza. Nyumba ya Waomani iliyo juu ya buruji ina vito, mavazi na vyombo, na upepo wake ni mzuri, ukichoka pumzika hapo. Usiukose mfupa wa nyangumi uani, hasa ukiwa na watoto. Na usiondoke bila kuuona ukuta wenye michoro ya mabaharia wa Kireno: wamechora meli, samaki, watu, kwa makaa na udongo mwekundu. Hawakuwa wachoraji. Walikuwa vijana waliokwama mbali na kwao wakingoja. Kijana wangu alikaa mbele ya ukuta ule kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na safari hii simu ilibaki mfukoni.

Kwa msomaji atakayependa kufanya hivi. Ngome hufunguliwa asubuhi saa mbili. Raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo chukua kitambulisho, na malipo hupitia eCitizen, basi uwe na salio kwenye simu kabla hujafika mlangoni. Mizigo mizito usije nayo. Sisi tuliacha sanduku kwa jamaa zetu Mji wa Kale. Waongozaji wako nje, patana bei mapema, na mwambie wazi kuwa wataka kusikia habari za meli iliyozama, la sivyo utapewa ziara ya mizinga. Saa mbili zatosha kwa anayepita, tatu kwa anayesoma maandishi. Kutoka hapo hadi bandari ya Kilindini ni upande wa pili wa kisiwa. Tuktuk itakufikisha, ila msongamano wa mchana Mombasa hauna adabu, kwa hivyo toka saa nzima na nusu kabla ya wakati wako. Na iwapo wewe si baharia bali msafiri, jua kwamba meli za watalii huwapa abiria saa chache tu nchi kavu, na wengi huja ngomeni kwa makundi asubuhi. Ukifika mapema zaidi yao utapata chumba cha vyombo kikiwa kitupu.

Tulifika getini saa nane na robo. Meli ilionekana juu ya maghala, nyeupe, ndefu kama mtaa mzima wa Kamenu uliolazwa ubavu. Nikamwombea dua, nikamkumbusha swala na kumpigia mama yake kila akipata mtandao. Akaniinamia akanibusu mkono, jambo ambalo Kamenu hakulizoea, akaenda.

Juzi alinipigia. Yuko salama, alhamdulillah, mikono imemchubuka kwa sabuni. Jikoni anafanya kazi na kijana wa Goa, na siku moja usiku wakiwa wanaosha sahani alimsimulia habari ya meli zilizotoka kwao kuja kwetu. Mgoa hakuamini. Wakabishana.

"Mjomba," akaniambia, "hebu nitumie jina la yule mzee wa Faza, na ile idadi ya wanawake."

Nikamtumia.