Fort Worth, Mji Uliolishwa na Kwato

Wageni wengi waendao Texas hushukia Dallas, mji wa mabenki na maghorofa ya vioo, na wachache ndio wakumbukao kwamba mwendo wa kilomita kama 50 magharibi yake upo mji mwingine, nduguye na hasimu wake wa tangu zamani, jina lake Fort Worth, ambao watu wake hupenda kusema kuwa hapo ndipo Magharibi inapoanzia. Mimi na ahali yangu tulipojaliwa wasaa wa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, tuliuchagua huo wa pili: yeye kwa kuwa amechoshwa na maduka, nami kwa kuwa nilitamani kuona kimesalia nini cha zama zile ambazo sinema zimetusimulia kwa kutia chumvi.

Mji wenyewe haukuzaliwa kwa fahari. Mwaka 1849 Meja Ripley Arnold alipiga kambi ya askari juu ya genge linaloutazama mto Trinity, akaipa jina la Jenerali William Worth, aliyekuwa amefariki kwa kipindupindu mwezi wa Mei mwaka huohuo. Haikupita ila miaka minne, askari wakahama, na raia wakayaingia majengo yaliyoachwa. Hata banda la farasi wa serikali likageuzwa nyumba ya wageni.

Riziki ya mji ilikuja kwa miguu minne. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa imejaa ng'ombe wa pembe ndefu, kizazi cha ng'ombe walioletwa na Wahispania, ambao bei yao hapo kwao ilikuwa dola chache tu, ilhali kaskazini, kwenye miji yenye uchu wa nyama, ng'ombe yuleyule aliweza kuuzwa mara kumi ya bei hiyo. Reli ya kuwapeleka haikuwapo, basi haikubaki hila ila kuwaswaga kwa miguu mpaka Abilene, katika Kansas, ambako mwaka 1867 Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya njia ya treni. Njia hiyo ya ng'ombe ikaitwa kwa jina la Jesse Chisholm, mchuuzi aliyechanganya damu ya Kiskoti na ya Kicherokee, na Fort Worth ukawa mji wa mwisho wenye duka la maana kabla ya msafara kuvuka mto Red na kuingia katika nchi walizotengewa wenyeji wa asili. Hapo wachungaji walinunua unga, kahawa, maharagwe na risasi. Na waliporejea na ujira mfukoni waliuacha katika mtaa wa vilabu na kamari ulioitwa, wala hapakuwa na dhuluma katika jina hilo, Nusu Eka ya Jahanamu. Yakadiriwa kuwa baina ya miaka 1866 na 1890 ng'ombe zaidi ya milioni nne walipita katika mji huo.

Wachungaji hao, ambao sinema imewafanya wote kuwa weupe, warefu na wepesi wa bastola, aghalabu walikuwa vijana maskini waliolipwa kama dola 30 kwa mwezi, wakila vumbi la kundi kutwa, na usiku wakilinda zamu ili radi isije ikawatimua ng'ombe. Wanahistoria hukisia kuwa mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi, na wengi wengine walikuwa Wamexico, ambao ndio waliowafundisha wenziwao matumizi ya kamba ya tanzi na seruji yenye kishikio mbele. Katika mtaa wa mazizi ipo sanamu ya Bill Pickett, mweusi wa Texas aliyezaliwa mwaka 1870, ambaye alikuwa akiruka kutoka mgongoni mwa farasi anayekwenda mbio, akamkamata ng'ombe pembe, akamng'ata mdomo na kumbwaga chini. Tuliitazama sanamu hiyo kwa muda mrefu kuliko kitu chochote kingine.

Njia ya ng'ombe iliuawa na mambo mengi, seng'enge na reli zikiwemo, na pia kupe. Ng'ombe wa Texas walichukua maradhi yasiyowadhuru wao bali yaliyoua ng'ombe wa kaskazini, na Kansas ikawafungia mipaka; mwaka 1893 wataalamu Theobald Smith na Fred Kilborne wakathibitisha kuwa kupe ndiye mchukuzi wa ugonjwa, elimu ambayo mfugaji wa kwetu anaitumia kila apelekapo mifugo joshoni.

Kabla ya hapo mji ulikuwa umekwisha kuonja kifo. Reli iliyotazamiwa ilikwama karibu na Dallas kwa sababu ya mdororo wa mwaka 1873, watu wakahama, na mwaka 1875 wakili mmoja akaandika katika gazeti la Dallas kuwa Fort Worth umelala hata chui ameonekana amejinyoosha usingizini barabarani. Watu wa Fort Worth, badala ya kununa, walilichukua tusi lile wakalivaa, na hata leo chui yupo juu ya beji ya polisi wao. Raia wenyewe walishika sururu kuikamilisha reli, na treni ya kwanza ikaingia tarehe 19 Julai, 1876.

Makampuni ya Armour na Swift yalipofungua machinjio yao, mwanzoni mwa karne iliyopita, mji uliokuwa na watu 26,688 mwaka 1900 ukawa na 73,312 miaka kumi baadaye. Mwaka 1944 mifugo zaidi ya milioni tano ilipita katika mazizi yake. Kisha yakaja malori na minada ya mashambani. Armour ikafunga mwaka 1962, Swift mwaka 1971, na mtaa wa mazizi ukabaki na popo. Nionavyo mimi, ufukara huo ndio uliouhifadhi, kwani hapakuwa na tajiri aliyeona faida ya kuubomoa, hata mwaka 1976 ulipoandikwa katika daftari la taifa la mahali pa kihistoria.

Hoteli tuliyolala ni ya mwaka 1907, na masimulizi ya mtaani yasema Bonnie Parker na Clyde Barrow, wale majambazi wapenzi, waliwahi kujificha humo. Ahali yangu alisema afadhali sisi tumekuja kupumzika tu.

Jumapili saa kumi alasiri tulisimama kando ya Exchange Avenue kutazama ada iliyoanzishwa mwaka 1999: maksai wachache wa pembe ndefu, wakisindikizwa na wapanda farasi waliovaa mavazi ya karne ya 19, hupitishwa barabarani mara mbili kwa siku. Walipita taratibu, kwato zikigonga matofali, watoto wakiwa mabegani mwa baba zao.

"Bwana," akaniuliza ahali yangu, "na hawa wanapelekwa wapi?"

Nikamwonyesha zizi lililo nyuma ya jengo la soko la mifugo, ambamo wangelala hadi kesho, saa tano na nusu, watakapotolewa tena.