Ngozi ya mgonjwa wa moyo inapotoa habari

Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa mgonjwa wa moyo aliyezidiwa, mawingu mara nyingi huonekana kwenye ngozi. Naandika haya nikiwa Kondele, Kisumu, mtaa wa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji huiita "Russia", kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969. Jamaa zetu wa Pwani wanaoishi huku wanaijua vyema njia ya kwenda huko. Swali ni wakati gani wa kuishika njia hiyo.

Kwa nini ngozi? Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, mwili hubana matumizi. Mishipa midogo ya ngozi hujifunga ili damu ibaki kwa ubongo na moyo wenyewe. Ndiyo maana ngozi huanza kulalamika mapema, pengine hata kabla presha haijashuka.

Alama za kutazama ni hizi:

1. Ubaridi. Gusa kwa mgongo wa mkono wako, kuanzia paja ukishuka hadi wayo. Miguu na mikono ikiwa baridi ilhali kifua kina joto, damu haifiki mbali.
2. Jasho jembamba la baridi pasipo joto wala kazi.
3. Damu kuchelewa kurudi. Bonyeza ncha ya kidole au ukucha kwa sekunde 5, kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, ni onyo.
4. Mabaka ya zambarau yanayoanzia gotini. Mwaka 2011 madaktari wa Paris waliyapa alama 0 hadi 5 kwa wagonjwa mahututi wenye maambukizi ya damu. Mabaka yakizidi kutanda, vifo navyo vilizidi.
5. Rangi ya buluu au ya majivu.

Kwa ngozi zetu nyeusi, mabaka na ubuluu hujificha. Tazama ndani ya mdomo, ulimi, kucha, viganja na nyayo. Ubaridi na jasho havichagui rangi.

Uzito wa alama hizi umejulikana muda mrefu. Mwaka 1967, Killip na Kimball wa New York walichapisha habari za wagonjwa 250 wa shambulio la moyo. Wasio na dalili za moyo kushindwa, walikufa asilimia 6. Waliokuwa na presha ya chini, jasho na ubuluu, walikufa asilimia 81. Tiba imepiga hatua kubwa tangu hapo, lakini mpangilio huo ungali unatumika.

Hata hivyo, alama si hukumu. Baridi ya alfajiri, upungufu wa damu na homa kali huweza kuchanganya. Wala kuiona alama si kuijua tiba. Utafiti uliochapishwa 2011 ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyofika vizuri, katika Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi yetu na Muheza zikiwemo. Waliomiminiwa maji ya mshipani kwa haraka walikufa zaidi kuliko wasiomiminiwa. Basi tiba tuwaachie wenye ujuzi.

Nyumbani, usimkande mafuta na kumfunika blanketi ukidhani ni upepo umempiga. Joto la nje haliupi moyo nguvu. Anayehema asilazwe chali, aketishwe akiegemea. Asilazimishwe kunywa. Atafutiwe gari mara moja, na daktari aambiwe baridi ilianza saa ngapi.

Ajali ya mja iko kwa Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi. Lakini tumeamrishwa kutafuta dawa, na mguu wa baridi usiku wa manane ni sababu tosha ya kuwaamsha majirani.