Skeli ya Kigogo katika programu za muziki

Skeli ya Kigogo ni mpangilio wa sauti tano za muziki wa Wagogo wa Dodoma, unaoweza kuandikwa ili kompyuta iupige. Mtafiti Gerhard Kubik aliuhusisha na sauti ndogondogo zinazozaliwa ndani ya mlio mmoja. Ya saba kati ya hizo huwa chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa senti 31 hivi, huku nusutoni nzima ikiwa senti 100. Ndiyo maana ilimba, ala ya Wagogo aliyoivumisha mwanamuziki Hukwe Zawose (alifariki 2003), huonekana “imekosea” ikipimwa kwa kinanda. Haijakosea, kipimo ndicho kisicho chake.

Ili kompyuta iipige skeli hiyo, programu ya Scala husoma faili ya maandishi matupu: mstari wa maelezo, idadi ya sauti (5), kisha uwiano, mmoja kila mstari: 9/8, 5/4, 3/2, 7/4, 2/1. Hiki ni kielelezo tu, kwani ilimba hazilingani kwa sauti. Mstari unaoanza na alama ya mshangao ni wa msomaji, programu huuruka. Sauti ya kwanza, 1/1, haiandikwi kamwe. Mwongozo wa kutumiwa na wakala wa akili unde anayeandika faili kama hiyo sharti uliseme hilo waziwazi, pamoja na mfano kamili wa faili.