Ujirani katika Mitaa ya Mji Mkongwe

Mji wa Unguja ni mkubwa, na kelele zake ni nyingi. Lakini mwenye kutoka Darajani akaingia Kiponda au Sokomuhogo huona ghafula kwamba kelele zimebaki nyuma yake. Utulivu huo haukuzuka kwa bahati. Waliojenga mitaa hiyo, hasa katika karne ya 19, waliujenga pamoja na kuta zake.

Vichochoro ni vyembamba, ili kila nyumba iitilie kivuli nyumba ya jirani. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Dari hulalia boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti si ndefu sana, vyumba navyo huwa vyembamba. Nje, kando ya mlango wa nakshi, iko baraza ya mawe. Hapo mwenye nyumba humpokea mgeni bila ya kuvunja sitara ya watu wa ndani. Na mvua kubwa ikijaza maji njiani, wapita njia hutembea juu yake. Basi baraza ni ya mwenye nyumba, bali manufaa yake ni ya mtaa mzima.

Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za haki. Soko la watumwa lilikuwapo Mkunazini hata lilipofungwa mwaka 1873, na utajiri uliojenga majumba ulitokana kwa sehemu kubwa na jasho la watumwa hao. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilitwaa nyumba nyingi, na watu wasiokuwa na makao mema wakakaa humo. Lakini nyumba moja ilipokaliwa na jamaa nyingi, paa lilikosa mwenyewe. Chokaa ilibanduka, mvua ikapenya ukutani, boriti zikaoza, na nyumba kadha wa kadha zikaanguka.

Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikautia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Sifa peke yake haizibi ufa.

Tena uko ufa usioonekana kwa macho. Nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli na maduka ya watalii. Kuta zake hupakwa chokaa mpya, lakini barazani hakuna tena mzee wa kuamkiwa, wala jirani wa kuulizia mgonjwa. Kuhifadhi mawe na kuwapoteza wakaazi ni kuhifadhi nusu ya urithi, na hiyo nusu iliyo ndogo.

Kwa hiyo, walimu wanapowapeleka vijana kuitazama milango ya nakshi, wawaketishe pia barazani, wawasikilize wale ambao bado wanaishi nyuma ya milango hiyo.